Vitunguu majani vya kudumu: unanunua shina, hununui kichwa

Jumamosi iliyopita alikuja kitaluni kwangu mama mmoja wa Shangani, hapa Mtwara, na ndoo ndogo. Salamu ilikuwa fupi. Akaimwaga ile ndoo kwenye meza ya kitalu: mashina matano ya vitunguu majani, yameng'olewa mazima, mizizi imeanza kukauka. "Dada, hela yangu umeila bure. Miezi minne namwagilia, nafukua sikuti hata kichwa kimoja."

Lalamiko hili nalipata karibu kila mwezi, ndiyo maana leo nimeamua kuliandikia. Na niseme kweli, mashina yale yalikuwa yamestawi kuliko hata ya kwangu. Nikainua moja tukahesabu pamoja. Nilimuuzia likiwa na vichipukizi vitatu, limerudi na kumi na kimoja. Pale mezani palikuwa na mbegu ya kujaza tuta zima, na yeye ameifukua jua la saa sita akitafuta kitu ambacho kitunguu hiki hakitoi.

Kitunguu majani cha kudumu hakina kichwa. Chini kinanenepa kidogo, cheupe, kama kidole cha mkono, basi. Kitunguu maji ndicho kinachoweka akiba yake kichwani. Kikishakomaa majani yanalala, na ukikirudisha ardhini kinatumia akiba ileile kuchipua, kinaweza kurusha ua na mbegu, kisha kinakwisha. Hiki cha kudumu akiba yake ni watoto. Kinazaa pembeni, mmoja wawili, wale nao wanazaa, mpaka linakuwa shada. Unakata majani, shina linabaki. Mashina mama ya kitalu changu niliyapanda mwaka 2017 na bado ninayagawa.

Naelewa hamu ya vichwa inakotoka. Vitunguu maji tunavyokula Mtwara vingi vinaletwa na malori kutoka mbali, Singida, Mang'ola, Ruaha Mbuyuni, na bei ikipanda huko sisi wa mwisho wa barabara tunaisikia zaidi. Mtu akisikia kuna kitunguu kinakaa uani miaka na miaka, anaona tatizo la gunia limekwisha. Halijakwisha. Kitakachokwisha ni kutuma mtoto sokoni kwa ajili ya majani ya supu ya samaki, ya mayai, ya kachumbari.

Sasa bei. Shina moja kwangu ni shilingi 1,500, na hapo ndipo maneno yanapoanzia, kwa sababu fungu la vitunguu majani sokoni Chikongola utalipata kwa 500, na lina mizizi yake. "Si nipande hilo hilo?"

Alinifanyia hivyo mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu ninayemheshimu sana. Alikuja kitaluni, akauliza bei, akacheka, akaenda sokoni. Akapanda fungu. Likashika vizuri, akakata mara mbili, majani yakaanza kuwa membamba kama nyuzi, kisha tuta likawa tupu. Akarudia. Akarudia tena. Mwaka mzima alinunua mafungu ya shilingi 7,000, mbali na samadi na maji. Mashina manne kwangu ni 6,000, na mwaka ukiisha yangekuwa zaidi ya thelathini. Alipokuja mara ya pili nilimwambia, "Shikamoo mwalimu, leo nakuonyesha kitu kimoja tu."

Nikachukua jani la fungu lake na jani la kitaluni, nikayakata yote mawili kwa wembe karibu na shina. Mdomo wa jani la kitaluni ni duara kamili, kama mrija. La fungu lake lina upande mmoja bapa, kama herufi D. Hiyo D ni kitunguu maji kilichovunwa kikiwa kichanga. Wakulima wanapunguza miche shambani na wanaipeleka sokoni, hawajamdanganya mtu, ni mboga nzuri. Ila si ya kudumu. Mwalimu alilishika lile jani muda mrefu, akavaa miwani, akaligeuza. Akanunua mashina sita.

Kwa wanaopenda kuanza na mbegu za pakiti, someni jina la kitaalamu, maana picha zote zinafanana. Mkiona Allium fistulosum, ndicho hiki. Mkiona Allium cepa, mara nyingi hicho ni kitunguu maji, hata picha ikiwa ya majani mabichi. Na angalieni mwaka. Mbegu ya kitunguu inazeeka haraka kuliko ya mchicha au bamia. Mimi mwenyewe mwaka mmoja nilinunua pakiti kumi dukani bila kusoma tarehe, nikasia zote, zikaota chache mno, na nilikuwa nimeshachukua malipo ya watu. Niliwarudishia. Tangu hapo kila pakiti naipima: mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, nasubiri siku kumi, nahesabu zilizotoa mzizi. Zikiwa chini ya 12 sisii.

Hayo yote yamo ndani ya ile 1,500. Mche wa mbegu unakaa kwangu kama miezi minne kabla sijauuza, kwa sababu siuzi shina lenye jani moja. Samadi ya mbuzi naiweka miezi mitatu mpaka iache kutoa moto na harufu. Palizi ni ya mkono, kwani mizizi ya kitunguu inatambaa juujuu na jembe linaikata. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Desemba maji yakikatika nanunua kwa dumu. Anayeona ni ghali aje asubuhi moja ya Oktoba tumwagilie pamoja.

Samadi nimeitaja kwa sababu nayo imeniletea ugomvi. Kijana mmoja wa njia ya Naliendele alichukua mashina ishirini, akaniambia shimo lake limeshiba mbolea ya kuku. Sikuuliza ya lini. Ilikuwa ya juzi. Baada ya wiki mbili ananipigia simu kwamba nimemuuzia miche mibovu, majani yamekuwa ya njano kuanzia nchani. Tulifukua moja, mizizi ilikuwa ya kahawia, laini, inateleza mkononi. Mbolea mbichi ya kuku inaunguza. Tukayatoa yote, tukayaosha, tukayapanda kwenye udongo wa kawaida bila kitu, yakapona kumi na manne. Siku hizi nauliza samadi ina umri gani kabla sijapokea hela.

Na maganda ya korosho msiweke kwenye tuta mkidhani mnatandaza. Yale mafuta yake kila aliyebangua korosho anajua yanavyofanya ngozi. Tandazeni nyasi kavu au makuti yaliyokatwakatwa.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha Mikindani. Mama lishe mmoja, ana wateja wake, ana mikono safi, alichukua mashina arobaini kwa mpigo. Nikampunguzia. Baada ya mwezi ncha zote zimekauka kama zimepitiwa na moto, shina zima limedumaa. Alishaanza kuwaambia wenzake kwamba miche yangu imepigwa dawa. Nilipanda bajaji mpaka kwake. Udongo mzuri, samadi imeoza vizuri, kivuli cha asubuhi kipo. Nikaomba maji ya kisima anachomwagilia, nikayaonja. Chumvi. Haikuwa nyingi ya kutema, ila unaisikia ulimini, na wao wamezoea kuyafulia na kuoshea vyombo. Kitunguu hakivumilii chumvi. Mnazi utakaa hapo na kustawi, kitunguu hapana. Tulihamisha mashina kwenye salfeti za unga, akawa anamwagilia maji ya bomba na yale ya kuoshea mchele. Yakarudi, lakini kumi na tano yalishakufa. Niligawana naye hasara nusu kwa nusu, ingawa maji hayakuwa yangu, kwa sababu nilipaswa kuuliza.

Kwa hiyo wateja wangu wa karibu na bahari, onjeni maji yenu kwanza. Na ndugu zangu wa Newala na Tandahimba ambako dumu la maji linathaminiwa, maji ya kuoshea mchele au mboga yanatosha kabisa mashina sita ya nyumbani. Yenye sabuni yaacheni.

Kuvuna ndiko watu wengi wanakoharibia. Usivute. Mkono ukizoea kuvuta mchicha unavuta kila kitu. Chukua kisu chenye makali, kata majani ya nje, acha vidole vitatu juu ya udongo, na katikati ya shada usiguse. Baada ya kununua, subiri mpaka shina lifike vichipukizi vitano ndipo ukate mara ya kwanza. Kisha pumzisha wiki tatu. Ukitaka ile sehemu nyeupe ya chini, usichukue shada zima: ingiza kisu pembeni, tenga kichipukizi kimoja na mizizi yake, fukia pengo.

Kugawa mimi nagawa Mei. Mvua inapungua, udongo bado una unyevu, kusi limeanza na jua halichomi sana. Januari na Februari sigawi, udongo ukijaa maji vidonda vya mizizi vinaoza. Nafasi ni shibiri moja kati ya shina na shina. Tuta linyanyue, hata kama kwako ni mchanga mtupu. Na kama unafuga kuku, zungushia wavu siku ileile unayopanda, usingoje kesho.

Shina langu likifa ndani ya siku thelathini, nileteeni likiwa na mizizi yake na udongo wake kidogo. Nikiona ni kosa langu natoa jingine palepale. Likiwa la kwako nitakueleza, na bado nitakuuzia kwa 1,000.

Mama wa Shangani hakutaka kurudishiwa hela. Tuliyaloweka yale mashina matano kivulini mpaka saa kumi, tukayagawa, tukapunguza majani nusu. Aliondoka na vichipukizi arobaini na viwili kwenye ndoo ileile, na majani yaliyokatwa akayafunga kwenye gazeti akapike nayo jioni. Wewe unayesoma na hujui ulichonacho uani ni kipi, usinunue kwanza. Njoo na jani moja, tulikate tuone mdomo wake.