Unataka kwenda Mombasa na gari yako? Kwanza itazame kadi ya gari ina jina la nani

Likizo ya skuli ikikaribia tu simu ya ofisi yetu ya karatasi za safari hapa Chake Chake, Pemba, haipumui, na suali ni lile lile, nataka kuipeleka familia Mombasa na gari yangu mwenyewe, nianzie wapi? Na sisi kabla hatujajibu tunauliza letu: hiyo gari ni yako kweli?

Watu wanachukia hapo. Mmoja alinambia we vipi, mwaka wa tatu huu naiendesha, matairi nanunua mimi, bima nalipa mimi. Sawa sheikh, lakini kadi ina jina la nani? Kimya. Kumbe la shemeji yake, na shemeji yuko Muscat. Tusidanganyane, gari nyingi za huku kwetu ndo ziko hivyo, mtu kanunua kwa mtu aliyenunua kwa mtu, pesa zishaliwa zamani, jina halijabadilishwa kwa kuwa kuna ada yake na kwa kuwa ukizunguka baina ya Wete na Mkoani mambo yanakwenda tu. Mpakani hayendi. Forodha wanaihisabu gari yako kuwa imetoka kwa muda na lazima irudi, sasa jina la kwenye kadi likiwa mbali na jina la kwenye pasi yako ya kusafiria, yule jamaa wa dirishani anafikiria mawili, imeibiwa au inakwenda kuuzwa.

Nayajua haya kwa kuwa yalinipata mimi mwenyewe kabla ofisi hii haijakuwepo. Gari ya kaka yangu, ufunguo kanipa kwa mkono wake, tukavuka na meli mpaka Dar, Chalinze, Segera, Tanga, watoto nyuma wanaimba, tunafika Horohoro, mpakani na Kenya, afisa anaitazama kadi, anaitazama pasi, ananiuliza huyu ni nani? Nikampigia kaka, kaka kazungumza vizuri kabisa, wala haikusaidia kitu maana sauti ya simu haigongwi muhuri. Tukarudi Tanga tukalala gesti siku mbili tukisubiri kaka aende kwa wakili na barua ipande meli itufuate, arusi tuliyokuwa tunaiwahi ikapita, na mke wangu mpaka leo ukimtajia Horohoro anaondoka barazani.

Kwa hiyo kama jina si lako unataka barua ya idhini kutoka kwa mwenye gari, imeshuhudiwa na wakili, na iseme namba ya gari, namba ya chasisi, jina lako kama lilivyo kwenye pasi, nchi unazokwenda na tarehe. Ichukue ile yenyewe, usitegemee picha ya WhatsApp. Gari ya mkopo ndo mtihani zaidi kwa sababu kadi halisi imelala benki, hapo waombe benki barua yao na nakala ya kadi iliyothibitishwa, na waombe mapema kwa kuwa benki hawana haraka na likizo yako.

La pili bima. Hii ya kila siku unayotembelea hapa, ukishavuka kwenda Kenya haikusaidii, unatakiwa uwe na Kadi ya Njano, yaani bima ya gari ya kuvukia mipaka, ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini kwenye huu mpango wa kadi tumo, na kadi hiyo hiyo inakubalika Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi na Zambia. Haisimami peke yake, inabebwa na bima yako ya nyumbani, kwa hiyo kama bima yako inakufa tarehe 10 usitarajie kadi ikupeleke mpaka 20. Na sikiliza hapa maana ndipo watu wanapolia: inamlipa uliyemgonga, gari yako wewe haimo. Hata kama una bima kubwa, muulize wakala wako inakufuata nje ya nchi au inaishia hapa, na akikwambia inakufuata mwambie akuandikie.

Pasi haina maneno mengi. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho tangu 2014 lakini sisi hatumo, kitambulisho cha Mzanzibari kiache mfukoni, utatoa pasi au hati ya dharura, na watoto vile vile kila mmoja na yake. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano pia beba, hasa kwa siku ya kurudi.

Halafu kuna hii namba yetu ya Z ya gari za Zanzibar. Kabla hujafika nchi ya watu una bandari ya Dar mbele yako, na forodha pale nao wana karatasi zao kwa gari inayotoka visiwani, kwa hiyo mambo yaulizwe huku kabla hujakata tiketi ya meli, usiende kuyajulia kule na gari ishashuka.

Sisi wa Pemba safari hii inatuchekesha kidogo, kwa sababu Shimoni ipo hapo ng'ambo tu, lakini gari haiogelei, unazunguka mpaka Dar, unapanda mpaka Tanga, unavuka Horohoro unaingia Lunga Lunga, na mbele kidogo unakutana na kibao cha kukwambia Shimoni kulia. Wengi wetu tuna jamaa Kwale na Kilifi, na tangu 2023 Wapemba wa kule walipotambuliwa kuwa raia wa Kenya ziara zimezidi. Kufika mjini Mombasa unaweza kupita kivuko cha Likoni au njia mpya ya Dongo Kundu, na foleni ya Likoni ya skukuu mimi sikushauri. Mifuko ya plastiki usiingie nayo, Kenya wameipiga marufuku tangu 2017.

Mpakani utapewa kibali cha muda cha gari, na kina tarehe ya mwisho. Siku ya kurudi hakikisha kimefungwa pale pale, ukipita kimya kimya kwenye karatasi zao gari yako bado iko Kenya, na safari nyengine itakuletea maneno. Binamu wa Mombasa akikuomba aende nayo mara moja tu hapo dukani, mwambie kibali kina jina lako.

Sisi tunaipitia kadi yako, tunakuandikia barua unaipeleka kwa wakili, tunakushughulikia Kadi ya Njano. Njoo wiki tatu kabla, na kadi ya gari, bima na pasi, zenyewe. Ukija Alkhamisi na meli yako ni Jumamosi tutakupa kiti na maji ya baridi, lakini karatasi hapana.