Andikeni "alijua", siyo "mala fide"

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya maneno mawili yaliyomnyima shangazi yangu usingizi hapa Mkonze.

Mwaka 2019 alinunua kiwanja. Aliwauliza majirani, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaandikiana mbele ya mashahidi, akatia dole gumba. Mwaka huu kajitokeza mtu mwingine na karatasi zake, na barua ya wakili wake inasema shangazi alinunua "mala fide". Mama wa watu alisikia "mala" akadhani kaitwa malaya. Alilia. Nilichukua muda mrefu kumtuliza, na hata mimi ilibidi nikaulize kwanza.

Ni Kilatini. Fides ni uaminifu, mala ni mbaya. "Mala fide" ni kutenda jambo kwa nia isiyo safi, kinyume cha "bona fide", yaani kwa nia njema. Lakini maana hiyo haitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kukosea si mala fides, yaani hiyo nia yenyewe isiyo safi. Uzembe nao siyo. Shangazi hakwenda kupekua kumbukumbu ofisi ya ardhi, na hilo ni kosa lake, nakubali. Mala fides inataka zaidi: kwamba alijua kiwanja kina mwenyewe akanunua hivyo hivyo, au aliona dalili wazi akafumba macho makusudi. Anayenunua shamba lenye mizabibu imefungwa kwenye waya, mwenyewe yupo anapogolea, hawezi kusema hakujua. Shangazi alikuta pori la miiba.

Tena anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na anatakiwa aeleze ni jambo gani hasa linaloonyesha nia hiyo. Barua ile haikueleza lolote. Ingeandikwa kwa lugha yetu, "ulijua kiwanja ni cha mteja wangu na bado ukanunua", shangazi angejibu palepale: nani aliniambia, lini?

Wengine hutafsiri "nia ovu". Mimi siipendi, maana masikio yetu yameshaizoea kwenye kesi za mauaji, na mnunuzi wa kiwanja hajaua mtu. "Nia isiyo safi" inatosha, ikifuatiwa na maelezo ya alichokijua.

Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Dodoma yetu, tangu Serikali ihamie, viwanja vinagombaniwa kila kata, na wanaoandikiwa barua hizi wengi ni wakulima wa uwele na zabibu. Nawaomba mawakili na makarani wa mabaraza ya ardhi waandike tuhuma ambayo anayetuhumiwa anaweza kuisoma na kuijibu.

Shauri linatajwa tena mwezi ujao. Shangazi sasa halii. Anawatafuta mashahidi wake waje waseme alijua nini siku ile alipotia dole gumba.

Msomaji wako,
Mkonze, Dodoma