YAH: Kabureta ya Land Rover 109 mliyoniuzia kama orijino, na madai ya kurejeshewa fedha

Karatu, Arusha

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilinunua kwenu kabureta ya Zenith 36 IV, kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, kwa ajili ya Land Rover 109 Series III, injini ya petroli ya cc 2286. Kwenye risiti ya EFD mmeandika wenyewe kuwa ni mpya na ni orijino, shilingi 380,000. Mzigo ulinifikia kwa basi, nauli juu yangu. Kabureta hiyo haijanipeleka hata safari moja ya maana, na kijana wenu wa kaunta amenijibu kwa simu kwamba tatizo ni fundi wangu. Jibu hilo si la kweli, na hapa chini naeleza kwa nini.

Kwanza mjue kwamba hatukukurupuka kununua. Huku kwetu gari likimisi kidogo tu watu wanarukia kabureta, kumbe ni pointi, zile za kukatia umeme wa plagi. Fundi wangu si wa namna hiyo. Alianzia kwenye umeme: pointi akaziseti kati ya mm 0.35 na 0.40, akaweka kondensa mpya na plagi mpya, akahakikisha waya zimekaa kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Tepeti, yaani nafasi za vali, akazipima injini ikiwa ya moto, mm 0.25 zote nane. Bado silensa, yaani mngurumo wa injini usipokanyaga mafuta, ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe. Ndipo akapuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka gasketi ya manifodi, pale kabureta inapokaa, kutafuta panapovuta hewa, injini isibadilike. Akapuliza kwenye shafti ya throtoli, ile inayozunguka ukikanyaga mafuta, na sauti ya injini ikabadilika papo hapo. Shafti ya kabureta yangu ya zamani imelika, tundu lake kwenye bodi limepanuka, na kabureta inavuta hewa pembeni. Kutoboa upya na kutia bushi kunataka mkereza vyuma mzuri, ambaye kwa hapa sikumpata. Ndiyo sababu nikawapigia ninyi.

Sasa hiyo yenu. Tuliifunga na gasketi mpya, gari likawaka, likaanza kutoa moshi mweusi na harufu ya petroli iliyojaa uwanja mzima. Plagi zilitoka zikiwa na masizi kama sufuria ya kuni. Fundi akakaza skrubu ya mchanganyiko wa silensa taratibu mpaka mwisho. Injini iliyo sawa hapo inatakiwa izime, maana umeifungia njia ya mafuta ya silensa. Hii haikuzima. Iliendelea kunguruma kana kwamba skrubu haipo, yaani mafuta yalikuwa na njia nyingine ya kuingilia. Tukatoa kiwiko cha hewa cha juu, tukaangalia kooni, tundu la katikati hewa inapopita, injini ikiwa kwenye silensa: petroli inadondoka, tone baada ya tone, mahali ambapo wakati huo hapatakiwi kuwa na tone hata moja. Floti, boya la kupima petroli ndani ya kabureta, ilikuwa kwenye kiwango chake na vali ya sindano inayozuia petroli kuingia inafunga vizuri, kwa hiyo hayakuwa mafuta ya kufurika.

Aliyewahi kuhangaika na Zenith 36 IV anajua pa kuangalia. Kipande cha juu na cha chini vinakutana kwenye uso ambao lazima uwe bapa kabisa, na kuna oringi, pete ya mpira, inayozunguka koo. Uso ukipinda au oringi ikilegea, injini inavuta petroli kupitia hapo bila kupita kwenye jeti, vitundu vya kupimia mafuta. Kwenye kabureta za zamani ni ugonjwa unaofahamika, unaletwa na joto na watu wa kukaza skrubu kwa hasira, na mafundi wanautibu kwa kusugua uso juu ya kioo wakitumia msasa laini. Lakini hii imetoka kwenye boksi! Tulipoilaza juu ya kioo, filageji, bati jembamba la kupimia nafasi, ya mm 0.15 ilipita katikati bila kukwama. Oringi imezama ndani ya mfereji wake, haigusi upande wa pili. Jeti hazina namba hata moja, wakati za kabureta yangu chakavu namba zake zinasomeka mpaka leo. Jina la Zenith lipo kwenye karatasi iliyobandikwa boksini tu. Kwenye bodi yenyewe halipo popote.

Kijana wenu alinipa majibu matatu kwa nyakati tofauti. Mara pampu ya mafuta inasukuma kupita kiasi. Mara Karatu ni juu sana, hewa ni nyepesi, lazima kabureta izidishe mafuta. Mara fundi hajui kufunga. La mwinuko lina ukweli ndani yake: hapa tuko takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na kabureta yoyote huku inaelemea kidogo upande wa mafuta. Kidogo. Haidondoshi petroli kooni.

Hata hivyo yote matatu yalijibiwa kwa pamoja. Jirani yangu ana 109 kama langu, tukaazima kabureta yake. Fundi yuleyule akaifunga kwenye gari langu, kwa pampu ileile, hapahapa Karatu. Silensa ilitulia, moshi ukakata, na skrubu ya mchanganyiko ilipokazwa mpaka mwisho injini ikazima kama inavyopaswa. Tukairudisha yenu, moshi ukarudi. Video za majaribio yote mawili nimewatumia kwa WhatsApp, zimeonwa, hazikujibiwa.

Mlichonipa ni pendekezo kwamba niongeze fedha mnitumie Weber 34 ICH. Sina neno na Weber, wengi wameifunga kwenye magari haya na wanaisifu. Ila inataka kipande cha kuunganishia kwenye manifodi na viungo vya pedeli ya mafuta virekebishwe, na sioni kwa nini nilipie marekebisho hayo kutokana na kosa la rafu yenu.

Hasara haikuishia kwenye kabureta. Petroli iliyozidi ilishuka mpaka kwenye oili, kijiti cha kupimia kikawa kinanuka petroli, tukalazimika kuimwaga oili yote kabla haijamaliza beringi. Gari hili linapandisha vitunguu kutoka Mang'ola, na lililala msimu ukiwa umepamba moto. Mapato niliyokosa siyadai, ingawa ningeweza.

Mmenionyesha maandishi yaliyo chini ya risiti, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Maandishi hayo yanaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo. Hayafuti Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Ninyi mliandika orijino. Kama hata ninyi mlidanganywa na aliyewaletea, mdaini yeye.

Nadai mambo mawili: shilingi 380,000 za kabureta pamoja na nauli ya mzigo, na gharama ya oili na filta kwa mujibu wa risiti nilizoambatisha. Fedha ya ufundi namalizana na fundi wangu mwenyewe. Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita kimya, nitaipeleka pamoja na video Tume ya Ushindani, ambayo ndiyo yenye kazi ya kumlinda mlaji na kufuatilia bidhaa bandia. Na mkumbuke wateja wenu wa vipuri hivi wako wapi. Mwaka 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover na magari yakajaa barabarani. Sisi wenye magari hayo tunajuana, na tunaulizana spea imenunuliwa wapi.

Kabureta iko kwenye boksi lake, imekaushwa petroli, jeti na oringi zikiwa kama mlivyozileta. Nitaipakia kwenye basi siku fedha itakapoingia, si kabla, na nauli ya kuirudisha mtalipia huko itakapofika.

Wenu,

(Sahihi)
Mteja, Karatu

Viambatanisho: nakala ya risiti ya EFD, risiti za oili na filta, risiti ya mzigo wa basi, picha za uso wa kabureta juu ya kioo.