Wazee wetu na ule utafiti wa kumbukumbu

Shikamooni wakubwa, wadogo habari za jioni. Naona watu wananiuliza inboksi kuhusu wazee kujitolea kwenye utafiti wa kusahau, basi najibu hapa mara moja. Hakuna anayepasuliwa kichwa jamani, bibi mmoja kaniuliza hivyo juzi nikabaki mdomo wazi 😂

Mwanzo ni maongezi tu, mzee anaulizwa leo siku gani, anatajiwa maneno 10 na baadaye anaombwa ayakumbuke, anataja wanyama, halafu anapewa njiti za kiberiti apange umbo kama alilooneshwa. Hiyo ya njiti imo kwenye IDEA, kipimo kifupi cha kuchunguza kusahau kwa wazee wa Afrika, kilichofanyiwa kazi hapa hapa wilayani Hai, Kilimanjaro, maana vipimo vya wenzetu vinataka mtu achore kwa kalamu, sasa bibi ambaye hakuona darasa ataambiwa anaumwa kumbe kalamu ndo ngeni kwake.

Wasiosahau nao wanatakiwa sana, bila wao utalinganisha na nani? Ila sio matibabu, msiende mkitegemea dawa. Fomu mzee asomewe aelewe kabla ya kuweka dole gumba, na akichoka katikati anaruhusiwa kuacha, hadaiwi chochote.

Aje na mtu anayeishi naye kwani naye ataulizwa, miwani isisahaulike, na tafadhali msiwafundishe majibu njiani, nawajua 🙏🏾 Walio tayari niandikieni pembeni, magonjwa ya watu tusiyaweke humu.