Barua kwa wajukuu wangu mnaoshuka mjini kuandamana

Wajukuu wangu,

Nawaandikia kutoka dukani kwangu hapa katikati ya Nairobi, ninakouza sweta za shule. Juni 18, 2024 nilifungua mlango nusu, wakaingia wasichana wanne wakikohoa kwa vitoza machozi. Mmoja alichomoa kwenye begi kurasa za Mswada wa Fedha zilizopigwa mistari, akanionyesha kwa kidole kifungu cha mkate: VAT ya asilimia 16. Nikawapa maji. Siku hiyohiyo serikali ikatangaza kuiondoa kodi hiyo, na siku nane baadaye Rais akakataa kutia saini mswada wote.

Dai lenu lilikuwa moja, mmelisoma wenyewe, na jibu lake lilikuwa ndiyo au la. Hata mimi ningeweza kumweleza mteja.

Mwaka 1992 niliwapelekea maji kina mama wa wafungwa wa kisiasa pale Uhuru Park. Walikuwa wamefunga kula, Wangari Maathai akiwa nao. Machi 3 polisi waliwapiga, baadhi yao wakavua nguo kuwalaani. Kesho yake hawakubuni dai jipya. Walihamia kanisa la All Saints wakaendelea kutaja majina ya wana wao, na kufikia mapema 1993 karibu wote walikuwa wameachiliwa.

Sasa niwaambie linaloniumiza. Juni 25, 2025, mlipokuwa mkiwakumbuka waliopigwa risasi kwenye maandamano ya 2024, duka la simu la jirani yangu lilivunjwa. Kufuli lilikatwa, rafu zikabaki na maboksi matupu ya chaja. Waliovunja hawakuwa na bendera wala bango, na najua si ninyi. Lakini jirani huyo ndiye aliyewagawia chupa za maji mwaka uliotangulia, na siku hizi akisikia vuvuzela tu anashusha mlango wa chuma. Mkiona mtu ameinua jiwe kuelekea dukani, ketini chini nyote, abaki amesimama peke yake kamera zimwone. Na saa kumi jioni muwe mmeanza kurudi nyumbani. Giza lina wenyewe.

Jambo jingine: Desemba 2024 baadhi ya kodi zilirudi kupitia sheria nyingine, na barabara zilikuwa kimya. Maoni ya umma yakiitishwa, nendeni kwa wingi uleule.

Mitungi miwili ya maji iko nyuma ya kaunta. Bisheni mlango wa upande wa uchochoro.

Shosho wenu