Mkungu unasingiziwa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita msomaji mwenzetu alitaka miti yote iliyo karibu na mabomba ya maji mitaani ikatwe. Hasira zake nazielewa, yamenikuta na mimi, ila mti anausingizia.

Mwaka jana bili yangu ya maji ilipanda kutoka uniti 9 kwa mwezi hadi 23, na nyumbani tupo wanne tu. Usiku mmoja nikafunga koki zote, nikaenda na tochi kwenye dira ya maji: kigurudumu kinazunguka. Fundi akachimba chini ya mti wangu wa mkungu. Hata nusu mita hakufika, akakuta soketi, yaani kiungo, ya bomba la plastiki imevikwa mizizi myembamba, imesokotana kama dekio. Alipoiondoa tukaona gundi ilipakwa upande mmoja tu. Pale palikuwa panavuja tangu siku ya kwanza. Mzizi ulifuata unyevu.

Bomba zima mzizi hauna haja nalo. Ukipata penye uvujaji unakunywa, unanenepa, kisha unalisukuma bomba mpaka kiungo kinaachia. Na mgao wetu huu wa maji unauongezea mzizi nguvu. Maji yakiwepo, msukumo wake huuzuia mzizi kuingia. Yakikatika siku mbili bomba huwa tupu, mzizi hupenya, na tope la nje nalo huingia. Ndiyo yale maji ya rangi ya chai tunayokinga yanaporudi.

Ukikata mti ukaacha kiungo kilekile, mizizi itaoza, udongo utatitia, bomba litapinda. Jirani yangu yeye alishauriwa amwage mrututu, ile chumvi ya shaba ya buluu, ili kuua mizizi. Jamani! Huo hutumiwa kwenye mabomba ya maji taka, tena kwa kipimo. Kwenye bomba la maji ya kunywa hautiwi.

Mimi nilikata mizizi ya upande wa bomba peke yake, nikalaza bomba la plastiki jeusi lenye mstari wa buluu, kipande kimoja kutoka kwenye dira hadi ukutani, bila kiungo njiani. Mwezi uliofuata bili ilikuja uniti 10, na kivuli ninacho. Kwa mabomba makubwa ya barabarani, ya aina hiyo huunganishwa kwa kuyeyushwa, hayahitaji gundi.

Mtaani kwetu mtaro wa bomba jipya umeanza kuchimbwa juzi. Nimeona soketi na kopo la gundi vimewekwa hatua chache tu kutoka kwenye mwarobaini wa msikitini. Anayesimamia kazi hiyo namwomba apite aangalie kabla hawajafukia.

Msomaji wako,
Tanga