Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mkutano mkuu wa mwaka

Ndugu wanachama, habari za siku nyingi. Mwaka huu karibu nguvu zetu zote zimeenda kwenye jambo moja, kuwafundisha vijana wa uhandisi kemikali kuzuia taka isizaliwe kabisa, maana tumewazoesha vibaya jamani, ukimpa mwanafunzi swali la kiwanda anachora mtambo vizuri tu halafu mwisho wa karatasi anabandika bwawa la majitaka na filta kwenye dohani, kamaliza. Hiyo sio kuzuia, hiyo ni kusafisha. Sheria ya Marekani ya 1990 ya kuzuia uchafuzi ilishaweka mpangilio wazi, kwanza punguza kwenye chanzo, ikishindikana rejeleza, ndio utibu, kutupa kunakuja mwisho kabisa, na sisi tulikuwa tunafundisha kuanzia nyuma.

Darasani tulianza na brufeni kwa sababu kila mmoja anaijua. Njia ya zamani ya kuitengeneza ilikuwa na hatua 6, na hata kila hatua ikienda vizuri kabisa ni kama asilimia 40 tu ya uzito wa malighafi inaishia kwenye dawa, ile ya baadaye ya hatua 3 inafika 77. Vijana walipiga hesabu wenyewe ubaoni, wakabishana mpaka mlinzi akaja kufunga mlango.

Ila kilichonigusa zaidi ni ziara ya karakana ya batiki. Kila kitambaa kilikuwa kinasuuzwa kwa maji mapya, yakichafuka yanamwagwa mtaroni, buluu yote hiyo. Tukapanga ndoo 3 kwenye mstari, kitambaa kinaanzia ndoo chafu kwenda safi, maji yanarudi kinyume chake, maji mapya yanaingia ndoo ya mwisho peke yake. Mama mmoja akaangalia ndoo ya tatu ilivyobaki nyeupe, akauliza, "Kwa hiyo haya ya mwisho ndio nitaanzia nayo kesho?" Binti wa mwaka wa tatu akamjibu ndio mama, ndio hivyo hivyo.

Kiwanda kimoja kilituzuia getini, vijana 12 juani na barua mkononi, wenye kiwanda wakidhani tumetumwa kupima majitaka yao. Iliniuma sana.

Kwa hiyo mwaka ujao naomba kila mwanachama aliyeko kiwandani apokee vijana wawili kwa siku mbili, wafuate maji kuanzia bomba linapoingia mpaka mtaro unapotokea, waandike kila lita. Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu, ambaye hajalipa ada amuone hapa hapa.